Mbayuwayu kwenye matete: hesabu zisipolingana, nyavu zisiponasa, na wakati wa kuacha

Ulaya inapoingia kwenye baridi, mbayuwayu wa huko huwa kwetu. Wa kwanza hufika Septemba, wa mwisho huondoka Aprili. Mchana wametawanyika juu ya malisho, mashamba ya mpunga na maji; jioni hukusanyika kwa maelfu na kulala kwenye matete yaliyosimama majini, ambako maadui wa nchi kavu hupata shida kuwafikia. Ndani ya matete hayohayo utakuta mbayuwayu wadogo wa kahawia wenye mkanda kifuani, tikisa-mkia wa njano waliotoka nao kaskazini, na mara nyingi kwera na kwelea ambao ni wenyeji.

Mwongozo huu ni wa vikundi vinavyohesabu ndege kwenye malalo hayo na kuwasaidia wanaowavisha pete, yaani kipete chepesi chenye namba mguuni ili ndege atambulike akipatikana tena. Matatizo yanayoletwa na vikundi hivyo yanajirudia msimu hadi msimu, kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu ya kawaida zaidi inatangulia, na ukaguzi usiohitaji kifaa chochote unakuja kabla ya marekebisho makubwa.

Jambo moja halina mjadala. Kuhesabu anaweza mtu yeyote mwenye macho, kalamu na subira. Kutega nyavu na kumshika ndege ni kazi ya mwenye kibali aliyefunzwa mkono kwa mkono, na wewe unamsaidia pale tu anapokuelekeza. Kenya ndege wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, Tanzania na ile ya 2009, na nchi zote mbili zinataka kibali cha utafiti kabla wavu haujafunguliwa. Kama kikundi chenu hakina mtu huyo, someni sehemu za kuhesabu na muishie hapo. Hesabu nzuri pekee ni mchango mkubwa.

"Jana elfu nane, leo elfu tatu"

Kabla hujasema ndege wamepungua, angalia saa. Karibu na ikweta giza halichelewi. Jua likishazama, mwanga wa kutosha kumtofautisha ndege na anga hubaki dakika ishirini hivi, na wingi wa mbayuwayu huingia ndani ya muda huohuo. Aliyeanza kuhesabu dakika kumi nyuma ya mwenzake wa jana ameangalia tukio jingine kabisa. Fika saa nzima kabla ya jua kuzama, na andika nyakati tatu: ulipoanza, kundi la kwanza liliposhuka, na dakika ya mwisho ambayo bado uliona. Mara nyingi nyakati hizo tatu peke yake zinamaliza fumbo.

Kama saa zinalingana, tazama anga. Jioni yenye wingu zito ndege huingia mapema kuliko jioni iliyo wazi, na mvua ikinyesha saa kumi na mbili wanaweza kushuka kwa mkupuo mmoja, chini sana, bila kuzunguka. Mhesabu aliyezoea kuwaona wakizunguka juu atadhani hawakuja.

Sababu ya tatu ni mahali uliposimama. Hatua hamsini kando, mstari wa miti unafunika upande mzima wanakoingilia. Piga picha ya mahali pako ukiwa umesimama, uiweke kwenye simu ya kila mhesabu, na kesho msimame palepale mkitazama upande uleule.

Halafu kuna chakula. Mvua za vuli zikishanyesha na kumbikumbi wakatoka, mbayuwayu huwafuata hadi giza linaingia, na wengine wanaweza kulala kwenye matete mengine yaliyo karibu na karamu hiyo. Uliza wachungaji na wavuvi. Wanajua kumbikumbi wametoka wapi kabla yako.

Mwisho kabisa ndiyo fikiria kwamba malalo yenyewe yamebadilika: yamechomwa, yamekatwa kwa ajili ya mikeka na mapaa, maji yamekauka chini yake, au kozi (ndege mwindaji) amehamia hapo na anawashambulia kila jioni. Haya yanaonekana kwa macho mchana. Zunguka ukingoni (usiingie ndani) uangalie.

Marekebisho ya kudumu ni kuhesabu jioni kadhaa zinazofuatana katika wiki moja, kila mwezi wakati uleule, na kuandika jioni zote badala ya kuchagua ile iliyopendeza. Idadi ya jioni moja haina uzito wa kubeba neno "kupungua". Kumbuka pia kwamba Machi idadi inaweza kupanda ghafla kwa sababu ndege waliokuwa kusini zaidi wanapita wakirudi kwao, kisha ikaporomoka ndani ya siku chache. Hiyo ni safari inaendelea, si msiba.

"Tulisimama pamoja, tukapata idadi mbili"

Kwa kawaida mmoja amehesabu na mwingine amekisia, na hakuna aliyemwambia mwenzake. Kubalianeni kwanza kuhusu njia.

Njia ninayoiamini zaidi kwa malalo ya wastani ni hii. Chagua mstari usiohama, kwa mfano kutoka mti mmoja hadi nguzo ya umeme, na hesabu tu ndege wanaouvuka mstari huo kuelekea matete. Wakirudi nyuma wakauvuka tena, watoe. Hesabu dakika kwa dakika: msaidizi mwenye saa anasema "dakika", mhesabu anataja idadi, msaidizi anaandika. Kama wanaingilia pande tatu, wekeni watu pande tatu, kila mmoja na mstari wake, saa zikiwa zimewianishwa kabla ya kuachana. Mkitumia njia hii, tofauti zenu zitaonekana ni dakika gani zilitokea, nanyi mtaweza kuzungumza juu ya dakika hiyo badala ya kubishana juu ya jioni nzima.

Ndege wakizidi kasi ya kuwahesabu mmoja mmoja, hesabu kumi kwa uhakika, jicho lishike eneo lililojazwa na hao kumi, kisha pima kundi lote kwa kumi-kumi. Kundi likizidi, jenga mia kutokana na kumi zako na upime kwa mia. Kosa linalojirudia ni kuruka moja kwa moja hadi mia bila kuijenga. Watu wengi, hata wazoefu, hukisia makundi makubwa pungufu, na kadiri kundi linavyokuwa kubwa ndivyo upungufu unavyoongezeka. Dawa yake ni mazoezi: piga picha ya kundi, kisia kwa sekunde tano, kisha kaa mezani uhesabu kwa nukta za kalamu. Ukifanya hivyo jioni baada ya jioni utalijua kosa lako lina ukubwa gani na linaelekea upande gani.

Kama tofauti bado ni kubwa, chunguza kama mnahesabu ndege walewale. Kwelea huingia kama wingu zito lenye umbo, chini, wakipiga mabawa mfululizo na kwa sauti. Mbayuwayu hutawanyika, huteleza na kugeuka, na wengi hushuka kutoka juu sana. Dakika za mwisho kabla ya giza hata popo huingia kwenye hesabu. Ukiona umbo usiloweza kulitaja, liandike kwenye safu ya "sijatambua". Safu hiyo ina heshima sawa na nyingine.

Andika namba tatu: ya chini ambayo una hakika nayo, ile unayoiona ndiyo bora, na ya juu ambayo hudhani wamezidi. Atakayeitumia kazi yako baada ya miaka kumi atakushukuru kwa hizo tatu kuliko kwa moja iliyonyooka.

Yapo malalo ambayo njia hizi zote zinashindwa. Mount Moreland, karibu na Durban, Afrika Kusini, matete ya bonde dogo yamekadiriwa kulaza mbayuwayu milioni tatu. Uwanja wa ndege wa King Shaka ulipofunguliwa jirani yake mwaka 2010, iliwekwa rada ya kufuatilia makundi hayo ili ndege wenye injini na wenye manyoya wasigongane. Mkikutana na malalo ambamo anga yote imefunikwa, msitunge namba. Rekodini video kutoka mahali pamoja, andikeni muda wa kuingia kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha tafuteni wataalamu wa ndege wa makumbusho ya taifa au chuo kikuu.

"Tumefika, hakuna hata mmoja"

Haraka haraka: huenda mmewahi mno msimuni, au mmechelewa. Huenda wanakusanyika kwanza mahali pengine, kwenye nyaya za umeme au juu ya ziwa, na kuingia matete mwanga ukiwa umebaki kidogo sana. Subirini hadi msione vidole vyenu. Huenda wamehama, na hapo kazi ni kufuata: mtu mmoja asimame penye uwazi kilomita chache kutoka hapo, aangalie mbayuwayu wa jioni wanaelekea upande gani, kesho asogee upande huo. Mielekeo miwili iliyochorwa kwenye ramani ikikutana, matete mapya kwa kawaida yako pale inapokutania.

Na sifuri iandikwe. Jioni isiyo na ndege, ikiwa imesimamiwa kwa muda kamili, ni taarifa kamili.

"Asubuhi wametoka wengi kuliko walioingia jioni"

Hili linawashangaza wengi, na jibu kwa kawaida ni kwamba jioni mliwakosa walioingia gizani. Asubuhi mambo hugeuka: wanatoka kwa mafungu, wengi kwa pamoja, na ukiinamisha kichwa kuandika fungu moja limepita. Uingereza, miaka ya 1950, waendesha rada waliona duara zinazotanuka kila alfajiri kutoka sehemu zilezile, duara baada ya duara. Zilikuja kujulikana kuwa ni makundi ya kwezi wakiondoka malaloni kwa mawimbi yenye nafasi ya dakika chache kati yao. Marekani rada za hali ya hewa huonyesha duara kama hizo juu ya malalo ya jamii za mbayuwayu.

Kwa hiyo asubuhi tumia sauti. Rekodi hesabu yako kwa simu huku macho yako yakibaki angani, na uiandike baadaye. Usijumlishe asubuhi na jioni, wala usichukue wastani wake. Ziripoti kama hesabu mbili za njia mbili.

"Nyavu zimekaa tupu"

Kuanzia hapa nazungumza na wasaidizi walio chini ya mwenye kibali.

Wavu unaoonekana ndio sababu ya kwanza. Nyavu hizi nyembamba hufanya kazi kwa sababu ndege hazioni. Zikiwa na mwanga wa machweo nyuma yake, umande, au upepo unaozivimbisha, ndege anazipanda juu kama ukuta. Angalia wavu kutoka upande wanakotoka ndege, ukichuchumaa. Ukiuona wewe, nao wanauona. Usogeze mbele ya matete marefu ili kivuli cha matete kiwe nyuma ya wavu.

Pili, kamba zimekazwa mno. Wavu unahitaji mifuko inayoning'inia chini ya kila kamba ili ndege aangukie ndani. Ukikazwa wima, ndege anagonga na kurudi. Legeza nguzo hadi mifuko ishuke, lakini wa chini kabisa usiguse maji. Hilo la maji ni la uhai: ndege mzito akianguka, mfuko huzama naye. Pima kama uko juu vya kutosha kwa kuufikiria ukiwa umeshajaa ndege, si ukiwa mtupu.

Tatu, ndege wanapita juu. Baadhi ya wavishaji pete hupiga sauti za mbayuwayu kwa spika ndogo iliyowekwa karibu na wavu, na mara nyingi hufanikiwa. Uamuzi huo ni wa mwenye kibali. Ukishafanyika, uandikwe kwenye fomu, kwa kuwa jioni yenye spika na isiyo na spika hazilinganishwi. Na usiku wa spika usitumike kwa hesabu.

"Nyavu zimejaa kuliko mikono"

Hapa ndipo ndege hufa, na ndiyo maana naandika kwa urefu.

Sababu ni ileile karibu kila mara: nyavu zilifunguliwa nyingi kwa sababu jana hazikunasa kitu. Kwenye malalo, ndege hawaji mmoja mmoja kama porini asubuhi. Dakika kumi za utupu zinafuatwa na dakika mbili za mamia. Jioni ya kwanza mahali papya, wavu mmoja mfupi unatosha, na watu wawili wasiondoke kando yake tangu ulipofunguliwa. Kanuni ya kwenda kuangalia nyavu kila baada ya muda fulani haina nafasi hapa, mnakaa nazo.

Dalili za kuzidiwa ziko wazi. Mifuko ya kitambaa imeisha. Mtu anaanza kuweka ndege wawili kwenye mfuko mmoja. Tochi zimewashwa na bado kuna ndege wavuni. Ikionekana hata moja, fanyeni hivi kwa mpangilio:

1. Zimeni spika kama inalia.
2. Fungeni kila sehemu ya wavu ambayo haina ndege, ili asiingie mwingine.
3. Watoeni kwanza walio chini karibu na maji, wanaohema kwa mdomo wazi, na waliojisokota.
4. Waachieni bila pete wote ambao hamtawahi kuwavisha kwa utulivu. Pete haistahili kumweka ndege hatarini.
5. Asiye na mafunzo asijaribu "kusaidia" kutoa. Ashike tochi, abebe mifuko.

Mkinasa kwelea kwa wingi, mwiteni mwenye kibali mara moja. Mdomo wao mwekundu unauma hadi damu, wanakata nyuzi za wavu, na wingi wao unaweza kulemaza kazi nzima. Wavu ufungwe, ndege watolewe, na jioni ijayo uwekwe sehemu nyingine ya matete.

Kuna ndege walionaswa mwanga ukiwa umekwisha. Kuwarusha gizani hovyo ni hatari: hugonga matete au kutua majini. Baadhi ya vikundi huwaachia chini kando ya matete kwa mwanga hafifu; vingine huwahifadhi kwenye masanduku yenye hewa hadi alfajiri. Mwenye kibali aamue kabla nyavu hazijafunguliwa, kwa sababu ukishakuwa na ndege arobaini mkononi muda wa kutafakari umepita.

"Ndege amelegea, au amefumba macho"

Mtazame kabla ya yote. Amelowa? Anahema mdomo wazi? Bawa moja limeshuka?

Aliyelowa ndiye wa kawaida zaidi. Mbayuwayu ana gramu ishirini hivi, na mwili mdogo namna hiyo hupoteza joto upesi hata kwenye nchi ya joto. Mweke kwenye mfuko mkavu, peke yake, mahali penye ujotojoto na utulivu. Usimpulizie, usimnyweshe maji kwa nguvu, usimpitishe kwa watu wapige naye picha.

Anayehema ameshikwa vibaya au amekaa mfukoni kwa muda mrefu. Shingo hupita kati ya kidole cha shahada na cha kati, mgongo ukilala kiganjani, na vidole vingine vinazunguka mwili bila kuubana. Ndege hana kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) kama chetu. Anapumua kwa kupanua kifua, na kifua kikibanwa hewa haiingii hata kama pua ziko wazi. Legeza mshiko. Asipotulia ndani ya muda mfupi, aachiwe bila kupimwa chochote.

Bawa lililoshuka huenda ni mkazo wa wavu, na ndege akipumzika gizani kidogo hulirudisha. Likiwa limevunjika, au kuna damu, au uzi umezunguka ulimi, acha. Hiyo ni kazi ya mkufunzi na, akishauri, ya daktari wa wanyama. Mkono usiofunzwa ukivuta uzi ulimini unamaliza kilichobaki.

Akifa ndege, iandikwe na sababu yake. Vifo viwili jioni moja: nyavu zifungwe, kazi isimame mpaka ijulikane kwa nini. Huo ndio msimamo wangu na siulegezi.

"Pete haijakaa sawa"

Pete iliyofungwa vizuri ni duara kamili, kingo zake mbili zinagusana bila upenyo, inateleza juu na chini ya mguu na kuzunguka bila kukwaruza. Miguu ya mbayuwayu ni mifupi sana, hivyo kasoro ndogo inatosha kumsumbua.

Ikiwa na upenyo, chanzo ni koleo kutumiwa kwenye tundu lisilo saizi yake, au kubanwa mara moja tu. Mvishaji huigeuza kidogo ndani ya koleo na kuibana tena. Ikipandiana, kingo moja juu ya nyingine, hapo simama. Usijaribu kuifungua kwa kucha au kisu. Mfupa wa mguu ni mwembamba kuliko njiti ya kibiriti. Mkufunzi ana namna ya kupitisha nyuzi imara na kuivuta ifunguke. Kama hayupo mtu wa kuifanya hiyo kazi, basi hapakuwa na mtu wa kuvisha pete jioni hiyo.

Namba zisizolingana kwenye daftari ni ugonjwa mwingine. Mvishaji asome namba kutoka kwenye pete ikiwa tayari mguuni, mwandishi airudie kwa sauti, mvishaji aithibitishe kwa kuitazama upya. Anza kila mkufu wa pete (pete za namba zinazofuatana zilizotungwa pamoja) kwa kuandika namba ya kwanza na ya mwisho. 3 na 8, 1 na 7 zikiandikwa kwa mwanga wa tochi huzaa ndege ambao hawajawahi kuwapo.

"Vipimo havina mantiki"

Bawa fupi kuliko inavyotarajiwa: kwanza fungua bawa ulitazame. Mbayuwayu hubadilisha manyoya yao ya kurukia wakiwa huku kwetu, polepole, kutoka ndani kwenda nje, na kazi hiyo huwachukua miezi. Unyoya wa nje kabisa ukiwa bado unakua, kipimo cha bawa hakina maana. Andika hatua ya kila unyoya, wa zamani, unaokua au mpya, na sehemu ya urefu iache wazi. Taarifa hiyo ya manyoya ina thamani ambayo Ulaya hawawezi kuipata, kwa kuwa huko ndege hawa hawaonekani wakiwa katikati ya mabadiliko hayo.

Umri usioeleweka una sababu ileile. Oktoba mdogo na mkubwa wanatofautiana. Msimu ukiisha, wote wamevaa upya, wadogo kwa wakubwa, na alama zimetoweka. Andika "haujulikani". Kulazimisha umri kunachafua daftari zima.

Uzito ukikataa, kagua mizani: imekaa sawa? Upepo? Betri? Umetoa uzito wa chombo? Pima kitu unachojua uzito wake kabla ya ndege wa kwanza na baada ya wa mwisho. Kisha fikiria ndege mwenyewe: aliyenaswa jioni akiwa ameshiba na yule aliyekaa mfukoni usiku kucha hawawezi kulingana, kwa hiyo saa ya kupima iandikwe kwa kila ndege. Kuanzia Machi wengine huongezeka uzito kwa mafuta ya safari, na unaweza kuyaona, ya njano, chini ya ngozi kwenye shimo la shingo.

Acheni kazi mara moja

Kiboko akisikika au njia yake ikionekana mbichi ndani ya matete, ondokeni kwa njia mliyojia na mjulishe askari wa wanyamapori. Saa ya ndege kuingia ndiyo saa ya kiboko kutoka kwenda malishoni, na kusimama kati yake na maji ni hatari kubwa. Hivyo hivyo kwa mamba na nyati. Maji yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho. Viatu virefu vya mpira visivyovuja, au msiingie.

Karibu na mashamba ya mpunga au mtama, ulizeni ofisi ya kilimo kama kuna mpango wa kunyunyizia kwelea. Sumu inayotumika sana ni fenthioni, hunyunyiziwa jioni juu ya malalo kwa ndege za angani, na haichagui. Mkijua kwamba mbayuwayu wanalala humo, pelekeni hesabu zenu kwa maandishi mapema, zikionyesha tarehe na idadi. Hapo ndipo daftari lenu linaweza kuokoa malalo mazima. Baada ya kunyunyizia msiingie, na waambieni jirani wasiokote ndege waliokufa kuwala.

Ndege wengi wakikutwa wamekufa bila sababu inayoonekana, msiwaguse kwa mikono mitupu. Inaweza kuwa sumu, inaweza kuwa mafua ya ndege. Pigeni picha, andikeni mahali, mwiteni ofisa mifugo wa eneo hilo, na kazi ya nyavu isimame hadi atakaposema.

"Ana pete tayari"

Hili si tatizo, ila huharibiwa mara nyingi. Usiitoe, usiongeze nyingine. Soma kila herufi na namba, pamoja na anwani au jina la nchi, zungusha pete hadi uone yote, piga picha za pande zake zote. Andika mahali, tarehe, saa, na kama ndege alikuwa mzima. Pete za Nairobi, za Afrika Kusini na za Ulaya zote zina njia ya kuripotiwa, na vituo hivyo hubadilishana taarifa. Ukipeleka kwa makumbusho ya taifa, itafika kwa aliyeivisha.

Mei 1911, mwanasheria John Masefield alimvisha pete mbayuwayu nyumbani kwake Staffordshire, Uingereza. Desemba 1912 ndege huyo alipatikana Natal, Afrika Kusini, na pete ikaripotiwa kwa barua. Ndiyo iliyothibitisha mbayuwayu wa Uingereza huenda wapi baridi ikiingia, na ilitegemea mtu mmoja shambani kusoma namba kwa usahihi na kuituma. Kwa hiyo mkipata pete kwa mvuvi, kwa mtoto, au kwa watega kwelea wa Kondoa, Tanzania, mshukuruni aliyeileta, msimuulize kwa ukali ameipata vipi, na mnakili namba yake mbele yake, herufi kwa herufi.